Elfu moja ya Jumamosi

SWALI: Shikamoo Babu Karani. Mimi ni fundi mbao, tunajenga ghorofa hapa Dodoma. Nina miezi minane kazini. Mkataba ni karatasi moja ya miezi mitatu, ukiisha tunasaini mwingine. Kwa siku nalipwa 15,000. Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunafumua mbao za slabu ghorofa ya pili, mrunda ukateleza nikashuka nao. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, nimefungwa hogo. Siku ile fomani alilipa hospitali, akanipa 50,000, na tangu hapo simu hapokei. Nilimtuma mdogo wangu saiti, akaambiwa bima ni ya wafanyakazi wa kudumu, mimi ni mtu wa mkataba, tena niko chini ya mkandarasi mdogo, kampuni kubwa hainijui. Lakini kila Jumamosi tulikatwa 1,000 "ya bima ya ajali". Nina haki gani, au niache yaishe?
Fundi mbao, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usiache yaishe.

Naanza na hiyo elfu moja, maana niliposoma hapo nilivua miwani nikaifuta nikasoma tena. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huu tunaouita WCF, analipa mwajiri peke yake. Kuugusa mshahara wako kwa ajili hiyo sheria inakataza. Sasa tupige hesabu. Siku 26 kwa 15,000 ni 390,000 kwa mwezi. Kiwango cha mchango tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, yaani kwa kichwa chako mwajiri anatakiwa apeleke 1,950. Ninyi mnakatwa 4,000 kwa mwezi, na mwezi wenye Jumamosi tano 5,000. Hiyo si bima, huyo fomani amejifungulia duka. Tafuteni ushahidi wa makato: daftari, ujumbe wa simu, hata wenzako watatu waliokuwa wanapanga foleni nawe.

Hilo la "mtu wa mkataba" nililisikia miaka yote niliyokuwa karani wa mahudhurio, na lilikuwa uongo wakati ule kama lilivyo leo. Fidia haigawanywi kwa wa kudumu na wa muda. Anayefanya kazi chini ya mwajiri kwa ujira ni mfanyakazi, hata kama analipwa kwa siku. Mtu akibisha kwamba hukuajiriwa, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeweka maswali: nani alikupangia saa za kuingia? Nani alikuelekeza kazi? Vifaa vya nani? Umefanya walau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Jibu likimwelekea yeye, au likiwa ndiyo, hata kwa moja tu, unahesabiwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Wewe saa 45 unazimaliza kabla wiki haijaisha. Ingekuwa hadithi nyingine kama ungekuwa umechukua kazi ya mapatano, ukaja na mbao zako na saidia fundi wako, ukalipwa kwa slabu nzima. Hapo mwajiri ungekuwa wewe, na huyo saidia fundi angekudai wewe.

Mkandarasi mdogo naye ni mwajiri. Ndiye aliyekusainisha, basi ndiye wa kuripoti ajali, na siku zake ni saba tangu apate taarifa. Kwa maelezo yako zimeshapita. Usimngoje. Wewe una miezi 12 tangu ajali, lakini usiilalie, mashahidi wa saiti wanahama na kazi: leo Dodoma, kesho kutwa yuko Tabora. Nenda au mtume ndugu kwenye ofisi ya Mfuko, apeleke maandishi ya tarehe, saa, mahali na jina la mwajiri. Kama hakujisajili, waambie hivyo hivyo. Kosa la kutojisajili ni lake, si lako.

Ukikubaliwa, matibabu yanabebwa na Mfuko. Kwa muda ambao huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, kwako wewe kama 273,000 kwa mwezi, na malipo hayo yanaweza kufika miezi 24. Mguu ukibaki na kasoro, daktari atapima ulemavu. Asilimia 30 kushuka chini unapewa mkupuo mmoja, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

NSSF ni mfuko mwingine, usiuchanganye na huu. Ule ni wa uzeeni, jumla asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya nusu yake. Kaulize kama una namba na kama kuna kitu ndani.

Wakisema wameshaajiri mwingine nafasi yako, siku za kufungua shauri la kuachishwa kazi kule Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni 30 tu tangu uachishwe. Huo mlango unafungwa upesi kuliko ule wa fidia.

Sasa lipo moja hukuuliza: jina uliloandikiwa saiti. Kitabu changu cha mahudhurio, kwenye jengo moja Kariakoo ambalo sitalitaja, kilijaa Bonge, Sukari, Mpemba na Baba Neema. Ndivyo walivyoitana, ndivyo nilivyoandika, nikijiona karani hodari. Siku Bonge alipoangukiwa na nondo begani, mwajiri alifungua kitabu akaniuliza mbele ya watu, "Huyu unayemsema ameandikwa wapi?" Jina la kitambulisho chake halikuwa kwenye ukurasa hata mmoja. Nilihangaika naye miezi, na sehemu kubwa ya hangaiko hilo niliisababisha kwa kalamu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujafanya lingine, mtume tena mdogo wako saiti, si kwa fomani, kwa karani. Apige picha kurasa za miezi hiyo minane. Ukikuta umeandikwa kwa jina la utani, waombe wenzako wawili waandike na kusaini kwamba ndiye wewe, na namba zao za simu. Karatasi za hospitali za siku ile ya kwanza ziangalie pia: sababu ya kuumia iandikwe kuwa ni kuanguka kazini, isiishie "ameanguka" tu. Ikiwa imeishia hapo, rudi kwa daktari yule yule ukiwa bado na hogo mguuni.