Anayecheza kikapu Ulaya si lazima awe na mamilioni

Shangazi, shikamoo. Nimesikiliza ujumbe wako, na ya binamu zangu nayo yamenifikia: eti nacheza Ulaya, nakunja mamilioni, nimeisahau familia. Kisha mnaniuliza kama mumlipe wakala anayetaka kumchukua mwanao wa miaka 16. Najibu yote, na nimeudhika, mnivumilie.

Mamilioni mnayoyasikia ni ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Kule timu ni 30 tu, kila moja na wachezaji 15 wa mkataba kamili, na dunia nzima inazigombea nafasi hizo. Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili timu hizo zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, mbele ya Stephen Curry aliyekuja kuwa nyota, na msimu wake wa kwanza haukuisha kabla hajashushwa ligi ya chini. Baada ya 2014 hakucheza tena NBA. Akaja kucheza Japani na Taiwan.

Mimi niko daraja la pili. Kinachoniuma si baridi, ni kwamba maisha yangu yote yananing'inia kwenye mkataba wa msimu mmoja. Nyumba ni ya klabu, gari ni la klabu, na kibali cha ukaazi nimepewa kwa sababu ya mkataba huo. Nafasi za wageni zina kikomo, kwa hiyo mgeni akiboronga mechi chache tu, anatafutwa mwingine. Goti langu lilipovimba, meneja wa klabu niliyokuwa nayo aliniuliza nitahama lini kabla hata majibu ya daktari hayajatoka. Mshahara wangu wa mwisho pale sijaupata hadi leo. Ndiyo, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ina baraza la usuluhishi Geneva, na klabu inayokaidi uamuzi wake inaweza kuzuiwa kusajili. Lakini mkataba wenyewe lazima uwe na kifungu kinacholitaja baraza hilo, na kufungua shauri kuna ada isiyorudishwa. Mkataba niliopewa haukuwa na kifungu hicho. Kwa hiyo nilipokuwa kimya sikuwa nimewasahau. Sikuwa na kitu. Zile hela za matibabu ya babu nilizikopa kwa mchezaji mwenzangu.

Sasa mtoto. Huyo mtu msimpe hata senti! Wakala halali ana leseni ya FIBA, na chake anakipata mkataba ukishapatikana, hamdai mzazi malipo ya kutangulia. Tena kanuni za FIBA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu maalumu. Anayewaahidi klabu mwezi ujao awaonyeshe sababu hiyo kwa maandishi.

Amalize shule. Asije huku. Ila nimeiangalia ile video yake akicheza, Shangazi, na mkono ule siwezi kuuambia uache mpira. Chuo cha Marekani kikimlipia masomo yote, aende hata kesho, maana goti likimsaliti shahada inabaki. Asizipigie hesabu zile hela za matangazo walizoruhusiwa wanachuo wachezaji wa huko tangu 2021. Viza ya mwanafunzi inambana sana mgeni.

Akipewa karatasi yoyote ya kusaini, nipigieni picha kila ukurasa kwanza, hata usiku wa manane. Na mwezi huu nitatuma nusu. Klabu ikilipa Ijumaa, nitamalizia.