Umeumia kazini, daktari amekuwekea masharti: haki zako ni zipi?

*Mimi ni mpakiaji katika ghala moja Embakasi. Niliteleza na gunia nikaumia mgongo. Daktari ameniruhusu kurudi kazini ila nisibebe mizigo mizito. Nyapara anasema nirudi nikishapona kabisa.*

Pole sana, ndugu yangu. Kwanza, usikae nyumbani ukingoja simu ya nyapara. Ukinyamaza, mwezi ujao utaambiwa ulitoroka kazi. Rudi kwa daktari umwombe aandike waziwazi: usinyanyue zaidi ya kilo ngapi, usisimame zaidi ya saa ngapi, na mpaka tarehe gani. Cheti kinachosema tu "apewe kazi nyepesi" kila mtu atakisoma apendavyo.

Kisha mwandikie mwajiri mwenyewe, uambatanishe nakala ya cheti na utaje kazi unazoziweza: kuhesabu magunia yanayoingia, kujaza stakabadhi, kukagua mizigo kabla lori halijaondoka. Barua yako ipigwe muhuri na ubaki na nakala. Wakikataa kupiga muhuri, itume kwa WhatsApp au barua pepe ili tarehe ionekane.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri arekebishe kazi na mazingira yake bila kulemewa kupita kiasi. Jeraha linalopona upesi huenda lisihesabiwe ulemavu, na mwajiri halazimiki kukubunia cheo kisichokuwapo. Hata hivyo, kukufungia lango bila kuketi nawe ni dhuluma, na barua yako ndiyo itakayoonyesha kwamba uliomba kusikilizwa.

*Siku zangu za likizo ya ugonjwa zimekwisha na mguu bado una plasta. Meneja anasema sitalipwa tena.*

Swali langu kwako, dada: uliumia nyumbani au kazini? Kwa ugonjwa wa kawaida, sheria inakupa angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kila mwaka, ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo. Jeraha la kazini lina sheria yake, ile ya 2007 ambayo wengi tunaiita WIBA. Chini ya sheria hiyo, asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa hadi miezi 12, na matibabu ni juu ya mwajiri. Waajiri wengi huchanganya mambo haya mawili, na anayeumia ni mfanyakazi.

Mwajiri alipaswa kuripoti ajali ndani ya siku 7 tangu apate habari. Kama hakuripoti, nenda mwenyewe kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, Safety House, Commercial Street, pale Industrial Area. Usichelewe, kwani madai ya fidia yana mwisho wa miezi 12 tangu siku ya ajali.

*Nilipoteza kidole kwenye mjengo. Nilikuwa kibarua, sina barua yoyote ya kazi.*

Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Tunza jumbe za M-Pesa ulizolipwa nazo, na uandike majina ya wenzako walioona. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96 mara asilimia ya ulemavu anayoitoa daktari. Ukiwa ulipata shilingi 20,000 kwa mwezi na daktari akasema asilimia 10, hesabu inafika shilingi 192,000. Ukiletewa karatasi ya "nimeridhika" pamoja na elfu kumi, usitie sahihi.

*Nilirudi na mkongojo, wiki hiyohiyo nikapewa barua ya kuachishwa.*

Kabla ya kukuachisha kwa sababu ya hali ya mwili, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize ukiwa na mwenzako wa kazini uliyemchagua. Hilo ni kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira. Peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu.

*Je, kadi ya ulemavu ina faida kwa mtu aliyeajiriwa?*

Ndiyo, na usiione haya. Ukishapimwa katika hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, unaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA, mamlaka ya kodi. Ukikipata, shilingi 150,000 za kwanza za mapato yako ya kila mwezi hazikatwi kodi.