Kabla hujaomba Perkins mpya, fungua kabati

Mwaka wangu wa kwanza kama mkuu wa kitengo cha elimu maalumu hapa Dodoma, niliandika barua ndefu kuomba Perkins tatu, mashine za kuandikia nukta nundu, maandishi ambayo wasioona husoma kwa vidole. Kabatini zilikuwemo nne. Moja ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Hizo nyingine tulizikuta zikiitwa mbovu, na hakuna aliyekumbuka ni nani alisema mbovu, wala lini.

Barua haikujibiwa. Nikapakia moja kwenye bodaboda hadi sokoni Majengo, kwa mzee fundi cherehani. Perkins haitumii umeme: ni chuma, springi na vitufe sita vya nukta, na yetu kitufe cha nukta ya nne kilikuwa kikishabonyezwa hakipandi. Mzee akaifungua, akanionyesha mafuta ya zamani yaliyoshikana na vumbi letu hili hadi yakawa kama ugoro. "Mwalimu, hii haijafa, imeziba." Akasugua kwa mswaki na petroli, akadondoshea mafuta ya cherehani, nikamlipa 15,000. Mpya inazidi milioni, tena inaagizwa nje. Mbili zilipona hivyo. Ya tatu ilikuwa mbovu kweli, tukaifanya ya spea. Sasa kila mashine ina kofia yake ya kitenge, na vipindi vikiisha inafunikwa.

Ukitaja kubana matumizi, watu hukimbilia uji na nauli. Nami nilikimbilia. Muhula mmoja tulikata bajaji iliyokuwa ikileta watoto wa upande wa Nkuhungu. Kwenye daftari la fedha tulionekana tumeokoa. Darasani watoto watatu wenye ulemavu wa viungo wakatoweka, na mwalimu aliyesomea fani hii akabaki na wawili. Mshahara wake, ambao ndio gharama kubwa kuliko zote pale, uliendelea kutoka ule ule. Bajaji ikarudi. Siku hizi naweka matumizi na mahudhurio kwenye daftari moja, kisha nagawa: tumetumia kiasi gani kwa kila siku ambayo mtoto ameketi darasani. Hesabu hiyo ndiyo naipeleka kwenye kamati ya shule, maana elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ilipigiwa hesabu ya mtoto wa kawaida. Kwa mtoto asiyeona haifiki mbali.

Bajeti ya mafuta ya kukinga jua ya watoto wenye ualbino usiipunguze kabisa. Hapo hakuna mjadala, na jua la Dodoma unalijua.

Betri za shimesikio, kile kifaa cha sikioni cha kumsaidia mtoto kusikia, ndizo zilizoniuma. Tulipewa boksi zima, nami kwa bidii ya kuhakiki nikabandua kibandiko kwenye kila betri, nikahesabu, nikaandika kwenye leja, nikafungia kabatini. Kumbe betri zile hufanya kazi kwa hewa. Kibandiko kikishatoka, hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata kama haijavaliwa na mtu. Baada ya majuma machache leja ilisema tunazo, na watoto hawasikii. Kwa hiyo bandua moja tu, siku ya kuitumia, iache kama dakika moja ipate hewa, ndipo uiweke. Usiku kimlango cha betri kibaki wazi ili jasho likauke. Mfundishe na mlezi wa bweni, kwa sababu usiku wewe hupo.

Karatasi nene za kuandikia nukta nundu nazo ni ghali. Kwa mazoezi tunatumia kalenda za mwaka uliopita, na mji huu wa maofisi una kalenda kweli kweli. Kila Januari nazunguka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, na gunia, walinzi wameshanizoea. Kuna mtoto wangu mmoja wa darasa la tatu, hakubali kupachika karatasi kwenye mashine mpaka nimwambie nyuma yake kuna picha gani. Juzi ilikuwa treni. Akaandika hesabu zake zote, kisha akaomba aende nayo nyumbani.