Wasomaji Wanauliza: Mhafidhina wa Marekani humpataje mgombea mwenza?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafuatilia siasa za Marekani redioni, na kila baada ya miaka minne nasikia wachambuzi wakisema kwamba mgombea urais wa chama cha Republican anatafuta mwenza wa kumwongezea kura kule asikopendwa. Mwaka 2024, hata hivyo, Donald Trump alimchukua JD Vance, ambaye misimamo yake ni ileile ya Trump. Je, mgombea mhafidhina huangalia nini hasa anapomteua mwenza wake, na ni nani mwenye kauli ya mwisho?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mujibu wa taratibu za chama kauli ya mwisho ni ya wajumbe wa mkutano mkuu, lakini kwa miaka mingi sasa wajumbe hao wamezoea kuidhinisha jina wanaloletewa na mgombea. Mazoea hayo yana sharti moja ambalo halijaandikwa popote, nalo ni kwamba jina lisiwaudhi kupita kiasi. Wajumbe wa Republican mara nyingi huwa wahafidhina zaidi kuliko wapiga kura wa kawaida wa chama chao, na mgombea anayewapuuza anaweza kujikuta akizomewa ukumbini mbele ya kamera za dunia nzima. Kwa hiyo maelezo uliyoyasikia redioni ni ya kweli, lakini yameruka hatua ya kwanza. Kabla mgombea hajawafikiria wapiga kura wa nchi nzima, hujiuliza ni nani ndani ya chama chake mwenyewe ambaye bado hajamwamini.

Aliyelijua hilo kwa machungu ni Ronald Reagan. Mwaka 1976 alikuwa akishindana na Rais Gerald Ford kuwania uteuzi wa chama, na wiki chache kabla ya mkutano mkuu wa Kansas City hesabu zilionyesha kwamba Ford amemzidi kidogo. Meneja wake wa kampeni, John Sears, alileta shauri la kumtangaza mwenza mapema, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na tarehe 26 Julai Reagan akamtaja Richard Schweiker, seneta wa Pennsylvania aliyeelewana vizuri na vyama vya wafanyakazi na ambaye mara nyingi alipiga kura bungeni kama Mdemokrati. Matumaini yalikuwa kwamba Schweiker angekuja na wajumbe wa jimbo lake. Hawakuja. Drew Lewis, aliyeongoza kampeni ya Ford huko Pennsylvania na ambaye alikuwa rafiki wa Schweiker wa siku nyingi, alikataa kuhama, na wenzake wakabaki naye. Wakati huohuo wahafidhina wa Kusini, waliomhesabu Reagan kuwa mtu wao, walijiona wamesalitiwa, na ujumbe wa Mississippi, uliodhaniwa kuwa wa Reagan, ukaishia kwa Ford. Kura zilipohesabiwa mwezi Agosti, Ford alipata 1,187 na Reagan 1,070. Siwezi kusema kwamba Schweiker peke yake ndiye aliyemwangusha, maana Reagan alikuwa nyuma tangu awali. Lakini ni dhahiri kwamba Reagan alipoteza imani ya watu aliokuwa nao akiwafuata watu ambao hakuwapata.

Cha kuchekesha ni kwamba Ford naye alikuwa akiwahofia watu walewale. Makamu wake, Nelson Rockefeller wa New York, alikuwa na sera za kiliberali ambazo wahafidhina hawakuzivumilia, na Novemba 1975 alitangaza kwamba hatagombea tena. Nafasi hiyo Ford alimpa Bob Dole, seneta wa Kansas, mtu ambaye kambi ya Reagan haikuwa na sababu ya kumpinga.

Miaka minne baadaye, huko Detroit, hali ilikuwa imegeuka. Reagan alikuwa ameshinda uteuzi bila wasiwasi, mrengo wa kulia ulikuwa wake wote, na waliobaki na mashaka naye walikuwa Warepublican wa msimamo wa wastani. Ndipo likaja wazo ambalo hadi leo linashangaza, la kumrudisha Ford, rais mstaafu, awe makamu. Mawakala wa pande mbili walijadiliana kuhusu madaraka ambayo Ford angepewa, na jioni ya tarehe 16 Julai 1980 Ford akaketi kuhojiwa na Walter Cronkite wa televisheni ya CBS. Cronkite alipomuuliza kama huo usingekuwa urais wa watu wawili, Ford hakukanusha. Reagan alikuwa hotelini akiyatazama mahojiano hayo, na alichokisikia kilimshtua, kwa kuwa alikuwa akitafuta msaidizi na sasa alikuwa akielekea kugawana kiti. Kabla ya usiku wa manane mazungumzo yalikuwa yamevunjika, na Reagan akampigia simu George H. W. Bush, mshindani wake mkuu katika uchaguzi wa awali, ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa ameubeza mpango wake wa kodi kuwa ni uchumi wa kichawi. Alimuuliza kama angeweza kuiunga mkono ilani ya chama, pamoja na msimamo wake wa kupinga utoaji mimba. Bush akakubali, na usiku uleule Reagan akaenda ukumbini kuwaeleza wajumbe kwa mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo wagombea hawakuwa na desturi ya kulifanya kabla ya siku yao ya kuhutubia.

Angalia tofauti ya miaka hiyo miwili. Schweiker na Bush wote wawili walionekana kuwa laini machoni pa wahafidhina, lakini wa kwanza aliletwa na mtu aliyekuwa bado anaomba uteuzi, na wa pili aliletwa na mtu ambaye uhafidhina wake haukuhojiwa tena na mtu yeyote.

John McCain, mwaka 2008, alikuwa katika hali ya kinyume. Alikuwa amepata uteuzi huku wahafidhina wengi wakimkubali kwa shingo upande kutokana na misimamo yake kuhusu wahamiaji na fedha za kampeni. Moyo wake ulikuwa kwa Joe Lieberman, seneta wa Connecticut ambaye mwaka 2000 alikuwa mwenza wa Al Gore katika tiketi ya Democratic, na ambaye walikuwa marafiki na kukubaliana kuhusu vita vya Iraki. Tatizo ni kwamba Lieberman aliunga mkono haki ya kutoa mimba. Washauri walimwonya McCain kwamba mkutano mkuu wa St. Paul ungeweza kugeuka uwanja wa mapambano, na yeye akasalimu amri. Tarehe 29 Agosti, siku aliyotimiza miaka 72, alimtambulisha Sarah Palin mjini Dayton, Ohio. Palin alikuwa na miaka 44, na alikuwa gavana wa Alaska kwa muda usiofika miaka miwili.

Kwa wajumbe, Palin alikuwa jibu la dua. Hotuba yake ukumbini iliwainua vitini, na kwa wiki mbili hivi kampeni nzima ilionekana kufufuka. Upekuzi wa maisha na rekodi yake, hata hivyo, ulikuwa umefanywa kwa siku chache tu, ilhali kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na upungufu ulijitokeza aliposhindwa, katika mahojiano na Katie Couric wa CBS, kutaja hata gazeti moja analolisoma. McCain alipata kura 173 za wajumbe wa uchaguzi, yaani watu wanaochaguliwa katika kila jimbo kumpigia rais kura rasmi, dhidi ya 365 za Barack Obama. Uchumi ulioporomoka Septemba ile ndio uliomwangusha zaidi, na sioni haki kumtwisha Palin mzigo wote; lakini McCain mwenyewe, katika kumbukumbu alizozitoa mwaka 2018, alisema anajutia kutomchukua Lieberman.

Sasa tumrudie Trump, maana swali lako linamhusu yeye. Mwaka 2016 alikuwa mfanyabiashara aliyeoa mara tatu na ambaye zamani alikuwa amejieleza kuwa mtetezi wa haki ya kutoa mimba; Wakristo wa kiinjili walikuwa na kila sababu ya kumtilia shaka. Mwezi Mei alitoa orodha ya majaji 11 ambao angewafikiria kwa ajili ya Mahakama ya Juu, na mwezi Julai akamteua Mike Pence, gavana wa Indiana, ambaye kwa miaka 12 bungeni alijulikana kwa kuweka dini yake mbele ya chama. Orodha na Pence vilikuwa dhamana moja iliyotolewa kwa kundi moja. Kura za maoni zilizopigwa vituoni siku ya uchaguzi zilionyesha kwamba takriban wainjili weupe wanane katika kila kumi walimpigia Trump.

Ilipofika mwaka 2024 hakukuwa na kundi lililohitaji dhamana. Chama kilikuwa chake, majaji watatu aliowateua walikuwa wameshiriki kuiondoa hukumu ya mwaka 1973 iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na Pence alikuwa ameachana naye kwa sababu, tarehe 6 Januari 2021, akiongoza kikao cha kuthibitisha kura, alikataa kuzizuia kura za majimbo kama Trump alivyotaka. Mgombea wa namna hiyo anakuwa huru kumchukua anayefanana naye. Vance alikuwa na miaka 39 na hakuwa amemaliza miaka miwili katika Seneti. Mwaka 2016 alikuwa mkosoaji mkali wa Trump, na kiti chake cha Ohio alikipata mwaka 2022 baada ya kuungwa mkono na mtu huyohuyo aliyekuwa akimkosoa. Kwangu mimi ule ulikuwa uteuzi wa mrithi zaidi kuliko wa mwenza, ingawa wapo waliouona kuwa ni hesabu ya kura za wafanyakazi wa Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, na hoja yao si ya kudharauliwa.

SWALI: Kwetu Tanzania Katiba inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Je, Marekani nao wana kanuni ya aina hiyo?
Msomaji, Unguja

JIBU: Wanayo inayokaribiana nayo, ila haimzuii mtu kugombea, humbana mjumbe wa uchaguzi anayepiga kura. Marekebisho ya 12 ya Katiba yao yanasema kwamba wajumbe wa uchaguzi wa jimbo fulani hawawezi kumpigia rais na makamu ambao wote wawili ni wakazi wa jimbo lao. Athari yake ilionekana mwaka 2000. George W. Bush, gavana wa Texas, alimpa Dick Cheney kazi ya kumtafutia mwenza, na mwisho wa utafutaji aliyepatikana akawa Cheney mwenyewe. (Bado nasubiri kumsikia mwenyekiti wa kamati ya ajira akifanya hivyo kwetu bila mtu kunung'unika.) Cheney alikuwa akiishi Dallas, Texas, alikoongoza kampuni ya Halliburton. Siku chache kabla ya kutangazwa tarehe 25 Julai, alihamishia uandikishaji wake wa mpiga kura Wyoming, jimbo alilowahi kuliwakilisha bungeni kwa miaka kumi.

Wengine walidhani ni kichekesho cha makaratasi, hadi matokeo yalipotoka. Bush alipata kura 271, moja tu zaidi ya 270 zinazohitajika, na 32 kati yake zilitoka Texas. Kama wajumbe wa Texas wangezuiwa kumpigia Cheney, yeye angebaki na 239 na uteuzi wa makamu ungepelekwa Seneti, ambayo Januari ile ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50. Wapiga kura wachache wa Texas walifungua kesi wakidai kwamba Cheney bado ni mkazi wa jimbo lao, lakini mahakama iliitupa. Mwaka 2024 kikwazo hichohicho kilitajwa dhidi ya Marco Rubio, seneta wa wakati huo aliyefikiriwa kuwa mwenza wa Trump, kwa kuwa yeye na Trump wote walikuwa wakazi wa Florida.

SWALI: Hapa Kenya tunajua mwenza huchaguliwa ili alete kura za kwao. Kule Marekani je, mwenza mhafidhina huleta jimbo lake?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mara chache mno. Barry Goldwater alimchukua William Miller wa New York mwaka 1964 na akashindwa New York. Richard Nixon alimchukua Spiro Agnew, gavana wa Maryland, mwaka 1968. Alishinda urais lakini Maryland ikamkataa. Dole, safari hii akiwa mgombea urais mwenyewe mwaka 1996, alimchukua Jack Kemp, aliyewahi kuwa mbunge wa eneo la Buffalo, na New York ikaenda tena kwa Wademokrati. Mitt Romney alimteua Paul Ryan wa Wisconsin mwaka 2012 na Wisconsin ikampigia Obama. Mwamerika wa kawaida hupigia jina la juu, na hakuna ukoo au kabila linalohama pamoja na mwenza kama mnavyoshuhudia ninyi. Mfano ambao kila mtu huutoa wa mwenza aliyeleta jimbo ni Lyndon Johnson na Texas ya mwaka 1960, naye alikuwa Mdemokrati.