Mahali pa Kuweka Ufunguo wa Siri Ndani ya FPGA

Mtu anayebuni vifaa vya kielektroniki vya mizani ya miwa, pampu za maji au matangi ya kupozea maziwa huku Magharibi mwa Kenya atafika mahali ambapo kifaa chake kinahitaji ufunguo wa siri wa kutia sahihi vipimo kabla ya kuvituma. Bila sahihi hiyo, mkulima wa Muhoroni hana njia ya kujua kama tani zilizoandikwa kwenye risiti yake ndizo zilizosomwa na mizani. Mimi hufanya kazi hii Kisumu nikitumia FPGA, chipu ambazo saketi zake hupangwa na mbunifu baada ya chipu kutoka kiwandani, na ushauri wangu ni kwamba unapochagua mahali pa kuweka ufunguo, ufikirie jinsi unavyoweza kupotea kwa uzito uleule unaoupa wizi. Wateja wangu karibu wote huuliza habari za mwizi. Ni wachache wanaouliza kitakachotokea betri ikiisha.

Kwanza, ufunguo usiandikwe ndani ya faili ya usanidi, yaani ile inayoieleza chipu saketi zake, ikiwa faili hiyo imeachwa wazi. FPGA nyingi hupoteza usanidi wake umeme unapokatika, kwa hiyo kila zinapowashwa huusoma upya kutoka kwenye chipu ndogo ya flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, iliyo kando yake, mara nyingi yenye miguu minane. Fundi mwenye kibanio cha majaribio hukibana juu ya miguu hiyo, hukiunganisha na kisomaji kwenye kompyuta yake, na faili nzima humfikia bila yeye kugusa risasi ya kulehemu. Ikiwa ufunguo umo humo, na umeutumia uleule kwenye vifaa vyote, basi umevipoteza vyote kwa kibanio kimoja.

Ndiyo maana watengenezaji wa chipu huruhusu faili hiyo isimbwe, yaani igeuzwe isisomeke, kwa njia iitwayo AES yenye ufunguo wa biti 256. Ufunguo wa sahihi hufichwa ndani ya faili iliyosimbwa, na huo wa kusimba hukaa ndani ya FPGA. Katika chipu za kampuni ya Xilinx za mfululizo wa 7, ambazo bado ni nyingi sokoni, sehemu za kuuweka ni mbili: kumbukumbu inayotunzwa na betri, au fyuzi ndogo zinazochomwa mara moja tu na haziwezi kurudishwa.

Betri ina faida yake, kwa sababu ufunguo unaweza kufutwa papo hapo sanduku likifunguliwa bila idhini. Hata hivyo, pini ya betri ya chipu hizo haistahimili volti 2, na kwa hiyo ile betri ya kidonge ya volti 3 inayouzwa kila duka haiwezi kuunganishwa moja kwa moja. Kifaa kikiwa na umeme, chipu haiitumii betri. Inayoimaliza ni ile miezi ambayo kifaa kimezimwa, kwa mfano kiwanda kinapofungwa kwa matengenezo. Kuna pia jambo ambalo vitabu hulipita haraka: unyevu wa ziwani. Mabaki ya dawa ya kulehemu yakiachwa kati ya vishikio vya betri, hunasa vumbi na unyevunyevu, kisha hupitisha mkondo mdogo usioonekana kwa macho lakini unaoizidi kwa mbali ile chembe ya mkondo inayohitajiwa na ufunguo. Isafishe sehemu hiyo kwa spiriti na brashi, uikaushe, uipake vanishi ya kukinga bodi, kisha upime.

Kwa vifaa vinavyokaa mbali na fundi, mimi huchagua fyuzi. Masharti yake ni ya mezani kuliko ya uwanjani. Usichome fyuzi kwa umeme wa jenereta wala siku ambayo radi inanguruma, na huku kwetu radi hazikosi alasiri. Tumia chanzo cha umeme kilichotulia chenye betri ya akiba. Fuata mpangilio huu bila kuuruka: choma ufunguo, pakia faili iliyosimbwa uone kama chipu inaikubali, zima na uwashe mara nyingi, na baada ya hapo ndipo ufunge usomaji wa ufunguo huo. Ile fyuzi inayoilazimisha chipu kukataa faili yoyote isiyosimbwa iwe ya mwisho kabisa, kwani ukiichoma huku ufunguo una biti moja yenye hitilafu, chipu hiyo haitakufaa tena, na hata mtengenezaji hataweza kuipima.

Njia ya tatu, inayopatikana katika chipu mpya zaidi kama Zynq UltraScale+, ni kutokuhifadhi ufunguo wazi mahali popote. Tofauti ndogondogo zinazotokea wakati silikoni inatengenezwa huipa kila chipu alama zake za vidole, na kutokana na alama hizo ufunguo huzalishwa upya kila inapohitajika. Tatizo ni kwamba baadhi ya biti hubadilika kwa joto, kwa volteji na kwa uzee wa chipu, na kwa sababu hiyo msimbo wa kurekebisha makosa huhitaji data saidizi iliyorekodiwa siku ya kwanza. Data hiyo si siri, lakini ikifutika ufunguo umekwenda nayo. Ihifadhi nakala mbili katika sehemu tofauti. Usijaribu mfumo huu ofisini penye feni pekee. Ujaribu ndani ya sanduku la chuma lililopigwa na jua la Ahero mchana kutwa, na pia alfajiri ya baridi ya Molo.

Usimbaji peke yake haukomeshi mambo. Mwaka 2020 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walichapisha udhaifu walioupa jina la Starbleed: katika mfululizo wa 7 na ule wa zamani zaidi wa Xilinx uitwao Virtex-6, chipu yenyewe ingeweza kufanywa isimbue faili na kuyatoa yaliyomo kidogo kidogo, bila mshambuliaji kuujua ufunguo. Kasoro iko ndani ya silikoni na haiondolewi kwa programu mpya. Kama tayari una chipu hizo uwanjani, ondoa kwenye bodi soketi ya JTAG, ile inayotumiwa kuipima chipu na kuipakia faili, funika njia zake kwa gundi ngumu, na usiweke ndani ya faili siri inayofungua zaidi ya kifaa kimoja.

Ili kila kifaa kiwe na ufunguo wake bila wewe kutunza daftari refu, zalisha ufunguo kutokana na ufunguo mkuu ukiuchanganya na namba ya utambulisho ya chipu kwa HMAC ya SHA-256, hesabu ya njia moja ambayo matokeo yake hayamrudishi mtu kwenye ufunguo mkuu. Ufunguo mkuu wenyewe ugawanye kwa mbinu aliyoichapisha Adi Shamir mwaka 1979, kwa mfano vipande vitano ambavyo vitatu vyovyote vinatosha kuurejesha. Vipande hivyo visilale mji mmoja: kimoja kiwe benki Kisumu, kingine Nakuru, vingine kwa watu wanaoaminika ambao hawafanyi kazi ofisi moja. Nasi tuna desturi ya kuurejesha kila mwaka kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, mbele ya mashahidi, kwa kuwa karatasi huliwa na mchwa na watu huhama.