Mi nasema ni chumvi

Swali la wiki hii linauliza ni nini iliyofanya aiskrimu ipendwe na batu bote hivi. Najua wengi mutajibu sukari, wengine maziwa. Mi nasema ni chumvi, na musinicheke kwanza.

Hiyo nilijifunza mwezi wa kumi, ile joto ya Lubumbashi kabla ya mvua, umeme umeenda tangu asubuhi na batoto ba parseli banalilia kremu, njo aiskrimu. Mama mukubwa wetu wa kule Kenya (komini yetu, siyo ile nchi) akasema hakuna shida, akatuma tununue barafu ya sashe, akaipondaponda ndani ya ndoo, akamwaga chumvi mingi mpaka nikafikiri amekosea, kisha akaweka katikati kasufuria ka maziwa ya unga na sukari na vanila, akakazungusha, akakazungusha, mara anafunua anakwangua pembeni na kijiko, karibu nusu saa hivi. Ikaganda kweli!

Kumbe chumvi inalazimisha barafu kuyeyuka, na barafu ikiyeyuka inataka joto, sasa inaitoa wapi? Kwenye maziwa. Barafu peke yake inakuwa digri 0 na maziwa ya sukari haigandi pale, lakini ukitia chumvi ya kutosha inaweza kushuka mpaka karibu 21 chini ya 0. Na ile kuzungusha siyo mchezo, inavunja barafu ya ndani ya maziwa ikiwa bado ndogondogo na inaingiza hewa, ukiacha tu unapata jiwe.

Ulaya walikuwa wanatumia huo ujanja tangu karne ya 17, ila barafu ilikuwa ghali, basi ilibaki kitu ya wafalme na matajiri. (Eti Marco Polo ndiye aliileta toka China, hiyo ni hadithi tamu tu, hakuna ushahidi.) Mwaka 1843 mama mumoja wa Marekani, Nancy Johnson, akapata hati ya uvumbuzi ya mashine yake ya aiskrimu ya kuzungusha kwa mukono, na ukiiangalia vizuri ni ileile ndoo ya mama mukubwa, imeongezewa tu mupini. Kisha 1851 Jacob Fussell, muuza maziwa wa Baltimore, alikuwa na krimu inamubakilia, akaanza kutengeneza aiskrimu kwa wingi na kuuza bei ya chini. Hapo njo batu ba kawaida walianza kula. Mambo ya koni nawaachia wengine, ile kila mutu anadai ni yeye aliianza.

Mi mwenyewe nilijaribu siku ingine, bila mama mukubwa, nikasahau kufunika kasufuria vizuri na maji ya chumvi ikaingia. Batoto bakaonja, bakanyamaza, bakaangaliana, mumoja akaniuliza kama hiyo ni supu ya baridi.