Nilifeli Mtihani wa Mvinyo kwa Sababu ya Changarawe

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nahudumia mezani hotelini, nataka kuijua mivinyo ya Bordeaux, kule Ufaransa. Nianzie wapi?" Nilicheka, kisha roho ikaniuma. Swali hilo lilinila mwaka mzima.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na jua hatujawahi kulililia. Basi nikaingia kwenye mtihani wa mvinyo kifua mbele. Orodha ya mwaka 1855 inayopanga mivinyo ya Bordeaux kwa madaraja nilikuwa nayo kichwani, daraja la kwanza mpaka la tano. Swali likaja: katika maeneo mawili ya Bordeaux, kwa nini Médoc hupanda zaidi zabibu ya Cabernet Sauvignon, na Pomerol hupanda zaidi zabibu ya Merlot? Nikaandika, "Ni desturi yao." Msahihishaji akalisoma jibu langu mbele ya darasa. Kile kicheko bado nakisikia.

Ndugu yangu, jibu lilikuwa ardhini. Bordeaux inapakana na Atlantiki. Mvua ipo, jua ni la kubahatisha. Cabernet huchelewa kuiva. Changarawe za Médoc hupitisha maji upesi, na mawe yake hufyonza joto la mchana, kwa hiyo tunda hupata nafasi ya kuiva kabla mvua za vuli hazijaliharibu. Ng'ambo ya pili ya mito, Pomerol, udongo wa mfinyanzi hukaa baridi na unyevu. Cabernet hapo ingebaki na ladha ya pilipili hoho mbichi. Merlot huwahi kuiva, haisumbuki. Ila huwahi kuchipua pia, na Aprili 2017 baridi ya usiku iliyaunguza machipukizi mengi kule.

Kwa hiyo acha kukariri majina. Chora mito: Garonne na Dordogne, kisha Gironde, pale mito hiyo miwili inapokutana. Kila aina ya zabibu iulize, hapa unakosa nini? Majina yatakuja yenyewe. Acha kukariri, narudia, vijana wetu tunapenda mno kukariri.

Nilipoufanya mtihani mara ya pili, nililetewa swali la Sauternes, mvinyo mtamu wa Bordeaux. Nikaeleza maji baridi ya mto mdogo wa Ciron yanavyoingia Garonne yenye uvuguvugu, ukungu wa asubuhi za vuli unavyozaa kuvu juu ya zabibu nyeupe za Sémillon, jua la mchana linavyokausha punje mpaka sukari inajikusanya. Nikanyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada. Msimamizi alikuwa yule yule aliyelisoma jibu langu mbele ya darasa.